Apolinaria na Ukurasa wa Saba

Kinu cha Apolinaria kilikuwa cha mninga, kikubwa, na pale Ntalikwa wanawake wa kanisa walikijua kuliko walivyomjua mwenyewe. Humo ndimo yalimotwangwa mahindi ya uji wa watoto wa shule ya misheni. Alitwanga yeye, na jirani yake Josepha, na mwanamke yeyote aliyepita njiani na mikono yake miwili. Kinu kimoja, michi mitatu. Wa kwanza anapiga, wa pili ameshainua, wa tatu yuko njiani anashuka, na ukichelewa kidogo tu mchi wa mwenzako unakusalimu kwenye vidole. Kazi hiyo haitaki nguvu sana kama watu wanavyodhani. Inataka sikio.

Mwaka ule ulikuwa wa hamsini na mbili, Mwingereza angali amekaa barabara. Apolinaria alikuwa mjane wa miaka mingi, mwembamba, mweusi, shingo ndefu, na hakuwa mtu wa kuombwa radhi wala wa kuomba. Akisema neno, limesemwa. Josepha alikuwa akimtania kwamba hata Padre akitaka kubadili saa ya misa inambidi kwanza apite kinuni aulize.

Alikuwa akimlea mjukuu mmoja, Pelagia, binti wa mwanawe Alois. Mama yake Pelagia alifariki mtoto hajaota meno. Alois alioa tena, akajenga hatua chache kutoka hapo, na mtoto akabaki kwa bibi yake. Alikuwa na miaka kumi, mtulivu, mwenye macho ya kutazama mbali. Shuleni alikuwa mwaka wake wa pili katika darasa lile lile la kwanza.

Siku moja mwezi wa Septemba, mwalimu Eustace alikuja kinuni. Alikuwa kijana, hajafika miaka thelathini, kaptura yake imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Akasema shikamoo mama, akaitikiwa marahaba, akasimama kando kusubiri mchi unyamaze. Haukunyamaza, ikabidi aseme hivyo hivyo kwa sauti. Mkaguzi wa shule atakuja Novemba. Nafasi za darasa ni arobaini, na wako watoto wengine wanangoja nje. Atakayeshindwa kumsomea mkaguzi ukurasa mmoja, na ameshakaa miaka miwili, atatoka. Akasema amekuja mwenyewe kwa heshima, ili lisije likaonekana jambo la kushtukiza.

Alois alipoelezwa hakulia. Alisema dada yake Bernadeta, aliyeolewa Bukene, amejifungua mapacha na anatafuta mtoto wa kike wa kumsaidia kulea. Kama shule imeshindikana, basi Pelagia apande treni aende kwa shangazi yake, huko angalau mikono yake itakuwa na kazi.

Apolinaria akamwambia, mbele ya Josepha, kwamba hakuna mtoto wa damu yake atakayetolewa shule. Akalisema hilo tena Jumapili baada ya misa, bila kuulizwa na mtu. Likawa limesikika.

Sasa, kosa lenyewe lilikuwa hivi. Darasa la mwalimu Eustace lilikuwa na watoto arobaini na vitabu sita. Watoto waliokaa nyuma hawakuona kitabu wiki nzima, waliona migongo ya wenzao. Kwa hiyo mwalimu alisimama na fimbo, akasoma mstari, na darasa likaupokea kwa pamoja, kwa sauti ya kupanda na kushuka, kama mafundisho ya ubatizo yalivyopokewa tangu zamani. Ntalikwa walikuwa na sifa kwa hilo. Ukipita barabarani unasikia darasa zima linasoma kama kwaya ya Pasaka, mpaka unasimama. Mkaguzi naye alikuwa na shule nyingi na siku chache, na mwalimu ndiye aliyempa kitabu, kimeshafunguliwa ukurasa wa saba. Ukurasa wa saba ulihusu mkulima na ng'ombe wake. Mtoto aliuimba, mkaguzi akatia alama, akaja mwingine.

Mwaka uliopita Pelagia alianza kuimba vizuri, akafika katikati, mbwa akabweka nje, akapotea. Na wimbo ukikukatikia katikati huwezi kuuokota hapo hapo, mpaka urudi mwanzo. Akarudi mwanzo mara tatu, mara ya tatu akaambiwa akakae.

Apolinaria hakuyajua haya yote. Aliazima kitabu kwa mtoto wa Josepha, alasiri moja, akamketisha Pelagia kwenye kigoda akamwambia soma. Mtoto akasoma ukurasa wa saba wote, bila kukosa, macho yake yakimfuata kuku aliyekuwa anapekua majivu.

Apolinaria aliyaona macho hayo. Akachukua bua la nyasi, akaligusisha neno moja katikati ya ukurasa.

"Hili hapa linasemaje?"

Pelagia akalitazama bua. Akaanza kuimba kimoyomoyo tangu juu, midomo inacheza, ili alifikie. Wimbo ukamzidi mbio, ukalipita neno.

Bibi yake aliujua mtego huo. Zamani za Mjerumani, miaka ya mwisho kabla ya vita, yeye mwenyewe alikuwa msichana wa mafundisho, na Padre mmoja mwenye ndevu nyekundu alimpa kitabu asome. Akausoma ukurasa kwa madaha. Padre akafunua ukurasa mwingine kabisa. Apolinaria akaendelea kusoma ule ule wa kwanza. Darasa lote likacheka, na kwa miaka mingi baadaye wako waliokuwa wakimwita kwa maneno ya mwanzo wa ukurasa ule. Ubatizo alipewa, kusoma hakuendelea. Alitoka na herufi chache tu kichwani na hasira nyingi, na hasira zilidumu kuliko herufi.

Hapo akaamua kwamba Pelagia hataimba.

Alianzia kinuni, kwa sababu hapo ndipo alipokuwa na akili zake zote. Akampa mtoto mchi mwepesi, akamwambia kila kipande cha neno kipewe pigo lake. Sema mama. Pelagia akasema mama, akapiga mara moja. Kwake neno lilikuwa donge zima, kama ugali kabla haujakatwa. Bibi akapiga mwenyewe: ma, ma. Pigo na pigo. Kuku. Ku, ku. Sikio. Hapo mtoto akapiga mara mbili, akasita, akapiga ya tatu, akatabasamu. Waliendelea hivyo siku nne, na Josepha aliyekuwa na mchi wa tatu akalalamika kwamba mahindi ya siku hizi yanatwangwa pamoja na maneno.

Baada ya vipande, Apolinaria akaingia ndani ya kipande chenyewe. Hilo hakufundishwa na mtu. Alikaa akijisemea maneno peke yake huku ameweka kidole mdomoni, mpaka watu wakaanza kuulizana kama ana homa. Aligundua kwamba kabla sauti haijatoka, mdomo umeshajua inakwenda wapi. Akatandika nyungo tatu chini. Akasema huu ni ungo wa midomo, huu wa ulimi, huu wa koo. Akamwita Pelagia alete vitu vya jikoni kimoja kimoja, akitaje polepole, asikilize mdomo wake unaanzaje. Mwiko: midomo imefumba, ungo wa kwanza. Bakuli, wa kwanza. Tango: ulimi umegusa meno, ungo wa pili. Dengu, wa pili. Kikombe, koo. Gunzi, koo. Pilipili Pelagia aliikazia macho muda mrefu, akaitaja tena na tena kama anaionja, kisha akaiweka ungo wa midomo bila kuambiwa.

"Na jina lako je?"

"Pelagia." Mtoto akagusa midomo yake. "Imeanza na pilipili."

Apolinaria aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, akajifanya anatazama kuni.

Wakafanya michezo ya kung'oa na kupachika. Kaka, ng'oa sauti ya kwanza, weka ya pilipili: paka. Ng'oa, weka ya tango: taka. Weka ile ya kupuliza makapi, fff, weka ile ya nyuki, zzz. Mengine hayakuwa maneno yoyote, wakayacheka. Wakaja na watoto wengine wanne waliokuwa wamekata tamaa darasani, wakakaa kuzunguka nyungo.

Mwisho kabisa ndipo zikaja herufi. Bibi alitandaza unga mwembamba kwenye ungo akaandika kwa kidole. Hapo ikaonekana ajabu moja. Pelagia alizijua herufi zote kwa sura, maana alizitazama ubaoni miaka miwili, ila hakujua zinafanya kazi gani. Bibi alijua kazi, ila sura zenyewe nusu zilikuwa zimemtoka. Kwa hiyo mmoja aliandika, mwingine akatamka, na kila aliyekosea alilamba unga kwenye kidole chake. Mwishoni mwa Oktoba Pelagia aliweza kulitazama neno ambalo hajawahi kuliona, akalivunja, akaliunga, akalisema. Polepole. Polepole sana, kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe. Lakini alivuka.

Darasani mambo yakaharibika.

Mwalimu Eustace alikuja tena kinuni, safari hii bila kusubiri mchi. Alisema, kwa adabu lakini kwa haraka, kwamba Pelagia sasa anawachelewesha wenzake. Darasa likiimba yeye yuko nyuma, amekwama mstari wa pili wakati wengine wamemaliza. Amemsimamisha ukutani mara mbili na bado. Na wale wanne wengine wanaanza kufuata mtindo huo huo.

"Anafanya nini hasa?" Apolinaria akauliza.

"Anaangalia maneno, mama."

"Si ndiyo kusoma?"

Josepha akacheka, na kicheko hicho hakikusaidia kitu. Mwalimu akajifuta uso. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lisemwe. Alikuwa amebebeshwa watoto arobaini na vitabu sita na mkaguzi, na alikuwa anafanya alichofundishwa. Alimweleza Apolinaria wazi kwamba mkaguzi atafungua ukurasa wa saba, kama kila mwaka. Pelagia sasa anaujua wimbo huo wote, hata mbwa abweke hatapotea. Basi na aimbe siku hiyo moja tu, apate nafasi yake, kisha bibi amfundishe kwa vinu na nyungo apendavyo.

"Mtoto mwenye nafasi ndiye anayefundishwa, mama. Asiye na nafasi hafundishwi na mtu."

Maneno hayo yalikuwa na akili, na Apolinaria aliyasikia kwamba yana akili. Lakini alikuwa anamwona Padre mwenye ndevu nyekundu anafunua ukurasa. Akajibu kwamba mkaguzi si mjinga. Siku moja atafunua ukurasa mwingine, na siku hiyo shule nzima ya Ntalikwa itaaibika isipokuwa mtoto mmoja. Mwalimu akaondoka bila kuaga vizuri.

Jioni hiyo Pelagia, aliyesikia kila kitu akiwa amejificha nyuma ya ghala, alimuuliza bibi yake afanye lipi. Apolinaria akamwambia asome. Mtoto akauliza kama hawezi kuimba kidogo tu, mwanzoni, ili ashike mbio. Akaambiwa hapana. Hakuuliza tena.

Mkaguzi alifika Alhamisi ya pili ya Novemba, kwa gari, akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi na shule nyingine mbili za kukagua kabla jua halijazama. Wazazi waliruhusiwa kusimama nje ya madirisha. Apolinaria alisimama dirisha la mbele, kitambaa cha misa kichwani. Mwalimu Eustace akatoa kitabu, kimefunguliwa ukurasa wa saba, akamkabidhi.

Mtoto wa kwanza akaimba. Alama. Wa pili akaimba. Alama. Apolinaria alikuwa anavitazama vidole vya mkaguzi kwenye kona ya karatasi, anavingoja vifunue. Wa kumi, wa ishirini. Vidole havikufunua. Havikuwa na haja. Mkaguzi hakuwa mjinga, alikuwa amechoka tu, na hilo Apolinaria hakulipigia hesabu.

Pelagia akasimama. Akakitazama kitabu kweli kweli. Akaanza: m-ku-li-ma. Mstari wa kwanza aliumaliza bila kosa hata moja. Mkaguzi akatazama saa. Katika mstari wa pili kulikuwa na neno refu, akalivunja, akaanza kuliunga. Watoto nyuma wakaguna kwa kutaka kumsaidia, mmoja akaimba kidogo kidogo chini ya pumzi ili amkumbushe, Pelagia akatikisa kichwa kuufukuza wimbo usimwingie. Mkaguzi akadhani anatikisa kichwa kwa kushindwa. Akasema kwa upole kwamba yatosha, akakae.

Mtoto alikuwa amefika neno la tisa. Alikwenda kukaa, na alipopita mbele ya dirisha hakumtazama bibi yake.

Wale wanne wengine waliimba. Wote wanne walipata alama.

Kabla ya Krismasi Alois alimpeleka binti yake Tabora stesheni, akampandisha treni ya Mwanza pamoja na Raymundi, fundi wa reli aliyekuwa akienda zamu Bukene. Apolinaria alikwenda nao kwa miguu kutoka Ntalikwa, amebeba kikapu cha karanga za mapacha. Njia nzima alikuwa na neno la kumwambia mtoto, nalo halikutoka. Alizoea maneno yanayotoka yamesimama wima. Hili lilitaka kutoka limeinama. Treni ikaondoka nalo likabaki.

Watu hawakumcheka, na hilo lilimuuma zaidi. Wakimpita wanamwambia mwangaluka mayu, wanamwamkia kwa heshima ile ile ya asubuhi zote, kisha wanatazama kando. Mwenye kicheko unaweza kumjibu.

Mwezi wa Machi Raymundi alileta karatasi. Ilikuwa imekunjwa mara nne, karatasi ya kufungia sukari, imeandikwa kwa penseli upande usio na chapa. Alisema amepewa na Pelagia mwenyewe pale stesheni ya Bukene, ana mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Akasema mtoto huyo anapita dukani kwa Fakhrudin kila siku kuomba karatasi, na anasoma magunia na masanduku kwa sauti mpaka wateja wanamjua.

Josepha akamwambia Apolinaria waende kwa mwalimu awasomee. Akakataa. Barua ilikuwa yake, nayo angeisoma yeye.

Ilimchukua siku tatu. Alitandaza unga kwenye ungo, akanakili neno moja moja kwa kidole, kubwa, akalivunja, akatafuta mdomo unakwenda wapi. Midomo. Ulimi. Koo. Siku ya kwanza alipata salamu. Siku ya pili alipata mapacha. Siku ya tatu, mahindi ya uji yakimngoja na Josepha amenuna, alimaliza. Ilisema hivi:

"Bibi shikamoo. Mimi mzima. Mapacha wazima. Naandika mwenyewe. Hapa hakuna shule ya wasichana. Bibi ungeniacha niimbe. Mimi Pelagia."

Alilisoma neno lile la karibu na mwisho mara nyingi, akidhani amekosea kuunga. Akalifuta kwenye unga, akaliandika tena. Likatoka lile lile. Hakuna herufi iliyokosewa. Mtoto aliyeambiwa akakae alikuwa ameandika alichotaka kusema, kikafika kutoka Bukene bila kupungua.

Apolinaria alikaa chini kando ya ungo, na siku hiyo uji wa watoto ulichelewa.

Kesho yake aliikunja karatasi akaenda nayo shuleni. Alifikiria njiani kuichana kile kipande cha chini, kwa maana herufi za juu zilitosha kumwonyesha mwalimu jambo lenyewe. Alisimama hata, akakipima kwa kucha. Akaenda nayo nzima.

Mwalimu Eustace alikuwa peke yake, anafuta ubao. Akamwamkia, akaitikiwa. Aliisoma barua mara moja, kwa wepesi wa mtu aliyesoma sana, kisha akairudia polepole. Alipofika chini alimwinulia Apolinaria macho, akayashusha tena.

"Nani alimsaidia?"

"Shangazi yake hajui hata kushika penseli."

Mwalimu akakaa kwenye dawati la watoto, magoti yamempanda juu. Alisema orodha ya mwaka huu imeshafungwa, majina arobaini, na yeye hana ruhusa ya kuandika la arobaini na moja. Apolinaria akasema anajua. Kisha akasema lile neno lililobaki stesheni. Alisema kwamba mwalimu alimwambia ukweli pale kinuni, naye aliusikia, na akamtuma mtoto akamlipizie kisasi kwa Padre mwenye ndevu nyekundu aliyekufa zamani. Akasema sasa anaomba. Hakukumbuka mara ya mwisho lini alilitumia neno hilo kwa mtu asiye Padre.

Mwalimu hakuahidi. Alisema ataiomba barua hiyo ampelekee Padre, na kama Padre ataona vema, mwakani Januari. Na Alois itabidi akubali, na Bernadeta naye ana mapacha wadogo. Yote hayo yalikuwa milango, na kila mmoja una mwenyewe. Apolinaria akamwachia barua. Ilikuwa barua ya kwanza maishani mwake, naye alitoka mikono mitupu.

Mlangoni mwalimu akamuuliza, bila kumtazama, zile nyungo tatu huwa anazipangaje.

"Njoo uone. Ila uje na mikono ya kutwanga."

Alirudi akakuta watoto sita wamekaa kuzunguka kinu, wale wanne na wengine wawili wapya, wanamngoja. Josepha alikuwa ameshaanza peke yake. Apolinaria akachukua mchi. Akawaambia watoto kwamba darasani waimbe na wenzao, waimbe kwa nguvu, asimwone mtu amenyamaza. Hapa kwake ndipo pa kusikiliza. Mtoto mmoja, msichana mdogo aitwaye Tatu, akauliza kwa nini iwe hivyo viwili.

Apolinaria alisubiri mchi wa Josepha ushuke, akauinua wake.

"Sema Bukene," akasema.

Watoto wakasema, na michi ikapiga mara tatu.